Kubadilisha Oili ya Mashine ya Boti Bila Kuchafua Maji

Mwenye boti anayebadilisha oili kwa wakati huiongezea mashine yake miaka. Hilo wengi tunalijua. Linalosahaulika ni ile oili iliyotoka: inaishia wapi? Katika madiko mengi ya pwani yetu, na kwenye mialo ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, humwagwa mchangani hatua chache kutoka majini. Maji yakijaa, yanaichukua.

Makala hii inakuonyesha namna ya kuifanya kazi hii mwenyewe bila oili kufika baharini au ziwani. Haihitaji ufundi mkubwa, inamalizika kwa saa mbili hivi, na vifaa vingi unavyo nyumbani. Shika kanuni moja tu tangu mwanzo: kazi haijaisha mpaka oili chafu imefika mikononi mwa mtu wa kuipokea.

Kuna ubaya gani kumwaga lita moja tu?

Bahari ni kubwa, ni kweli, lakini oili haizami ikapotea. Huelea na kutandaa utando mwembamba unaofunika eneo kubwa. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, linakadiria kwamba oili chafu ya badilisho moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji baridi, ambayo ni matumizi ya watu 50 kwa mwaka mzima.

Utando huo hukaa pale pale ambapo mayai na vifaranga vya samaki wengi huelea, yaani juu ya maji na kwenye kina kifupi cha ufukweni. Kwenye mikoko, oili hugandamana na mizizi inayochomoza topeni, ambayo ndiyo pua za mti huo. Kandokando ya maziwa kuna jambo jingine zito zaidi: maji yanayopita chini ya boti ndiyo yanayochotwa kwa ndoo kwa ajili ya kunywa na kupikia.

Tena oili iliyokwisha kutumika ni hatari kuliko mpya. Imebeba chembe za chuma kilichosagika, masizi, na kemikali zilizozalishwa na joto la injini. Ikizoea kugusa ngozi kwa muda mrefu, inaweza kuleta saratani ya ngozi. Kwa hiyo vaa glovu, na usifute mikono kwa nguo uliyovaa.

Mashine yangu inahitaji kubadilishwa oili gani?

Mashine ndogo za kupachika nyuma ya boti ziko za aina mbili, na ni lazima uijue yako kabla ya kushika spana.

Ya kwanza ni tu-stroku. Hii ni ile ambayo unachanganya oili na petroli kwenye tangi. Oili yake huungua pamoja na mafuta, kwa hiyo hakuna oili ya injini ya kumwaga na kubadilisha. Hata hivyo ina oili nyingine kule chini karibu na propela, ndani ya giaboksi, yaani lile sanduku la meno ya gia linalozungusha propela. Hiyo ni lazima ibadilishwe.

Ya pili ni fo-stroku. Hii hutumia petroli tupu. Ukifungua kava la juu utakuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na kifuniko cha kujazia. Mashine ya aina hii ina oili mbili za kubadilisha: ya injini huku juu, na ya gia kule chini.

Kama unatumia tu-stroku, kuna jambo la kurekebisha kila siku. Sehemu ya mchanganyiko wako hutoka na moshi bila kuungua na kuingia majini moja kwa moja, kwa sababu ekzosi ya mashine hizi hupumulia chini ya maji. Ukizidisha oili kwa kuogopa mashine isikwame, unaongeza uchafuzi na kuziba plagi. Mashine nyingi za tu-stroku zinazotumika kwetu zinataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Hakikisha kwenye kitabu cha mashine yako, kisha pima kwa chupa yenye alama. Usikadirie kwa macho.

Nibadilishe lini?

Kwa mashine mpya, badilisho la kwanza huja mapema, kwa kawaida baada ya saa 10 hadi 20 za kazi, kwa sababu vyuma vipya vinapozoeana husagika kidogo. Baada ya hapo, watengenezaji wengi wanataka kila baada ya saa 100 za kazi. Hata kama mashine haifanyi kazi sana, usiiache ipite miezi sita hadi mwaka.

Saa 100 si nyingi. Mvuvi anayetembeza mashine saa tatu kwa siku anazifikia baada ya siku 33 au 34 za kazi. Kwa anayetoka mara chache tu, miezi sita ndiyo itamfikia kwanza. Weka daftari dogo la saa ndani ya boti.

Ninunue nini, na niandae shilingi ngapi?

Kwa injini ya fo-stroku, nunua oili ya SAE 10W-30 au 10W-40, na ikiwezekana ile yenye alama ya FC-W, ambayo maana yake ni kwamba imetengenezwa kwa mashine za boti. Kwa mashine ya nguvu za farasi 15, lita mbili kwa kawaida zinatosha. Kwa giaboksi, nunua gia oili ya SAE 90 inayofaa mashine za boti. Nyingi za ukubwa huo huchukua robo lita hivi. Kwa kuchanganya na petroli ya tu-stroku, tafuta chupa yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki isiingie kwenye mashine ya boti, na hizi oili tatu usizibadilishe nafasi.

Nunua pia washa mpya za skrubu, vile vipete vidogo vinavyozuia kuvuja, na chujio la oili kama mashine yako inalo. Washa ya zamani imekwisha kubonyea. Ukiirudisha, itavujisha oili majini pole pole bila wewe kujua.

Bei hupishana kati ya mji na mji, kwa hiyo uliza maduka mawili au matatu. Kwa Tanzania, ili usikwame, tenga shilingi 15,000 hadi 25,000 kwa lita ya oili, na kwa jumla kati ya 80,000 na 120,000 ukibadilisha oili zote mbili pamoja na chujio. Mwenye tu-stroku anayebadilisha gia oili peke yake atatumia sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Giaboksi iliyokufa kwa kukosa oili hugharimu mara nyingi zaidi.

Vifaa vingine ni hivi: spana na bisibisi pana, beseni, faneli, dumu la lita tano lenye mfuniko unaokaza, chupa ya plastiki tupu, matambara, glovu, turubai, ndoo ya mchanga mkavu au vumbi la mbao, na pipa lililokatwa la kujaza maji baridi.

Nifanyie kazi wapi?

Nchi kavu, daima. Gia oili hasa haiwezi kubadilishwa boti ikiwa inaelea bila kumwagika, kwa sababu tundu lake liko chini kabisa.

Mashine ya nguvu za farasi 15 huwa na uzito wa kilo 35 hadi 55 hivi, kwa hiyo watu wawili wanaibeba. Ivueni botini, mbebe ikiwa wima, muipachike kwenye stendi ya mbao imara. Fo-stroku ikilazwa ovyo, oili hupenya mahali isipotakiwa. Ukilazimika kuilaza, tumia ubavu unaoonyeshwa kwenye kitabu chake.

Kama mashine ni nzito, subiri maji yajae, pandisha boti juu uwezavyo, kisha fanya kazi maji yakianza kupwa. Pazuri zaidi ni juu ya mstari wa maji ya bamvua, pale unapoona mwani mkavu na takataka zilizoachwa na bahari. Kaa mbali na kisima na mfereji wa mvua. Siku ya mvua, ahirisha. Tandika turubai, kunja kingo zake ziinuke kidogo, na weka ndoo ya mchanga karibu kabla hujafungua skrubu yoyote.

Hatua za kubadilisha oili ya injini (fo-stroku)

1. Ipashe moto. Oili ya moto kiasi hutoka yote na kubeba uchafu wake. Simamisha mashine ndani ya pipa la maji baridi, maji yafunike propela na yapite juu ya matundu ya kuvutia maji. Weka gia kwenye nyutro, washa dakika tano hadi kumi mahali pa wazi penye hewa. Usiiwashe kamwe bila maji: pampu yake ya kupoza ina mpira unaoungua kwa muda mfupi mno. Maji hayo baridi yatasafisha pia chumvi iliyobaki ndani.

2. Zima, chomoa kamba ya usalama, subiri dakika kama kumi oili isikuunguze. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji ya pipa, ufute kwa tambara kavu kabla ya kuyamwaga maji hayo.

3. Mashine ikiwa wima, fungua kifuniko cha kujazia juu ili hewa ipite. Tafuta skrubu ya kumwagia. Kitabu kitakuonyesha ilipo. Kata chupa ya plastiki kwa urefu upate mfereji mdogo, ushikilie chini ya tundu, na beseni chini yake. Mfereji huu ndio unaozuia oili kuteremkia mwili wa mashine na kudondoka pembeni.

4. Legeza skrubu kwa spana, kisha malizia kwa vidole huku ukiisukuma ndani mpaka nyuzi za mwisho. Ivute kwa mkupuo mmoja. Acha itiririke mpaka ibaki kudondoka tone moja moja.

5. Kama kuna chujio, livishe mfuko wa plastiki kabla ya kulifungua. Oili iliyomo itaingia mfukoni. Paka oili mpya kwenye mpira wa chujio jipya, kisha likaze kwa mkono.

6. Rudisha skrubu ya kumwagia ikiwa na washa mpya. Kaza vya kutosha, lakini usirefushe spana kwa bomba.

7. Jaza kwa faneli, kidogo kidogo, pungufu ya kiasi kilichoandikwa. Pima kwa dipstiki, ongeza, pima tena. Usipite alama ya juu. Oili ikizidi, hutoka na moshi na kuishia majini.

8. Washa tena ndani ya pipa dakika mbili, angalia kama pana mahali panapovuja, zima, subiri, pima mara ya mwisho.

Je, kama huwezi kabisa kuivua mashine wala kupandisha boti? Kuna pampu ndogo ya mkono inayonyonya oili ya injini kupitia tundu la dipstiki na kuiingiza kwenye dumu moja kwa moja. Kikundi cha wavuvi kinaweza kununua moja na kuitumia kwa zamu.

Hatua za kubadilisha gia oili (mashine zote mbili)

Angalia ubavuni mwa mguu wa mashine. Utaona skrubu mbili kubwa za bisibisi: moja chini karibu na propela, nyingine juu zaidi. Skrubu nyingine ndogo ziache kama zilivyo, maana baadhi hushikilia vyuma vya ndani.

Weka beseni, fungua ya chini kwanza, kisha ya juu ili hewa iingie na oili itoke. Sasa iangalie oili yenyewe kwa makini, kwa sababu inakupa habari za mashine. Ikiwa nyeusi au ya kahawia tu, ni uchakavu wa kawaida. Ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kama mashine ililala bila kuguswa, maji hayo huweza kutoka kwanza kabla ya oili, kwa kuwa ni mazito kuliko oili na hutuama chini. Ukiona vipande vya chuma unavyoweza kuvihisi kwa vidole, mwite fundi kabla ya kwenda majini.

Maji yakiingia, maana yake oili nayo ina njia ya kutokea. Fungua propela utazame shafti yake. Mara nyingi utakuta mshipi wa nailoni umejizungusha nyuma ya propela na kukata sili, ule mpira unaozuia maji. Ondoa mshipi wote, na sili ibadilishwe na fundi. Kujaza oili mpya juu ya sili iliyokatika ni kuilisha bahari oili kila safari.

Kujaza kunaanzia chini kwenda juu. Bana mdomo wa tyubu au pampu ya gia oili kwenye tundu la chini, sukuma taratibu mpaka oili itoke tundu la juu bila mapovu. Kwa namna hii hewa yote hupanda na kutoka. Funga skrubu ya juu kwanza. Ukifanya hivyo, oili haitamwagika kwa kasi unapotoa tyubu. Kisha toa tyubu na ufunge ya chini haraka. Zote ziwe na washa mpya.

Ikimwagika je?

Ikimwagika chini, funika kwa mchanga mkavu au vumbi la mbao, acha inyonywe, zoa yote na uweke kwenye mfuko uliofungwa. Usiimwagie maji.

Ikidondoka majini, usimwage sabuni. Sabuni huficha rangi za utando, lakini oili inakuwa imevunjwa vipande vidogo na kuchanganyika na maji, mahali ambapo samaki wanaipata kwa urahisi zaidi, na sabuni yenyewe ni sumu kwao. Inyonye kwa tambara kavu.

Kwa maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti na mara nyingi kuwa na mafuta, tumia sufi, ile ya kujazia mito. Sufi hunyonya mafuta na kukataa maji. Itie kwenye mfuko ulioshonwa kwa chandarua kikuukuu, ifunge kwa kamba, iache ielee ndani ya ngama. Kabla ya kukumba maji, ivute na uikamulie kwenye dumu. Mfuko huo unaweza kuutumia tena.

Oili chafu niipeleke wapi?

Imimine kwa faneli kwenye dumu, kaza mfuniko, andika “OILI CHAFU” kwa herufi kubwa, weka kivulini mbali na watoto. Usiichanganye na petroli, maji wala rangi, kwa sababu mpokeaji anaweza kuikataa. Dumu hilo lisirudi jikoni hata likioshwa mara ngapi. Chujio la zamani litoboe, ligeuze juu ya beseni likeshe likichuruzika.

Kisha uliza gereji kubwa au kituo cha mafuta kinachobadilisha oili za magari kilicho karibu. Wengi wana pipa la kukusanyia, na wakusanyaji wenye kibali huja kuichukua ikasafishwe upya au ikachomwe kwenye tanuri za viwandani zenye joto kali. Kabla ya safari, piga simu uhakikishe wanapokea. Ukimpa fundi kazi hii, muulize anaipeleka wapi, na mkubaliane kabla hajafungua skrubu.

Wako wanaoipaka kwenye mbao za boti au nguzo ili kuzuia mchwa na wadudu. Mbao za boti hukaa majini, na oili hiyo huoshwa na kuondoka kila siku. Wazee wetu walihifadhi vyombo kwa sifa, yaani mafuta ya papa, na deheni, na vyombo vyao vilidumu. Kuizika, kuimwaga chooni au kuichoma uani nako hakufai: ya kwanza na ya pili huifikisha kisimani, ya tatu huiingiza mapafuni mwa jirani.

Sheria nayo iko wazi. Tanzania Bara, oili chafu ni taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na NEMC. Zanzibar waulize ZEMA, na Kenya waulize NEMA, mamlaka za mazingira za huko. Ofisi hizo ndizo za kukuelekeza kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Na kama kijijini kwetu hakuna gereji wala kituo?

Ipeleke hoja kwenye kikundi chenu cha BMU, kile cha usimamizi wa fukwe na mialo. Mnachohitaji ni pipa moja lenye mfuniko, kibanda kidogo chenye paa, sakafu ya saruji yenye ukingo ili likivuja lisifike ardhini, na mtu mmoja wa kutunza ufunguo na daftari. Kila mwanachama alete oili yake humo. Pipa la lita 200 hujaa baada ya mabadilisho mengi, na pipa lililojaa ni rahisi kumshawishi mkusanyaji alifuate kuliko dumu moja la lita mbili. Gharama za kibanda mkigawana wote, kila mmoja atatoa kidogo.

Ukimaliza kazi yako ya leo, andika mambo manne kwenye daftari: tarehe, saa za mashine, rangi ya gia oili iliyotoka, na mahali ulipoikabidhi oili chafu. Mstari huo wa nne ukikosa jibu, dumu bado lina safari, na safari hiyo ifanywe wiki hii.